Shikamoo Iishe Kabla Saa Haijabonyezwa: Mwongozo kwa Mama Anayeingia Mashindano ya Sataranji ya Wakongwe

Nona Gaprindashvili wa Georgia alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka 1962 akiwa na miaka 21, akakaa nao hadi 1978. Aliyemvua taji ni Maia Chiburdanidze, msichana wa miaka 17. Mwaka huohuo wa 1978 Nona akawa mwanamke wa kwanza kupewa hadhi ya grandmasta, ileile wanayopewa wanaume. Wengi husimulia habari zake mpaka hapo. Mimi naomba uanzie pale wanapoishia. Mwaka 1995, akiwa na miaka 54, alishinda ubingwa wa dunia wa wanawake wakongwe. Akaushinda tena Bled mwaka 2018, na Bucharest mwaka 2019, na hiyo si orodha kamili. Mwaka 2022, huko Assisi nchini Italia, aliutwaa katika kundi la miaka 65 na kuendelea. Alikuwa na miaka 81.

Namtaja kwa sababu wako akina mama wengi kwetu wanaocheza sataranji vizuri, wanaowafundisha wajukuu jioni, wanaowafunga vijana kwenye simu, lakini hawajawahi kukaa mezani penye saa na mwamuzi. Wanaamini mashindano ni ya watoto wa shule. Ukiwa mmoja wao, haya ni yako. Nachukulia kuwa kete unazijua zinavyokwenda na kwamba mchezo unaupenda. Kilichobaki ni kukuandaa kwa siku utakayokaa mbele ya mwanamke wa rika lako, saa ikiwa pembeni ya ubao, kila mmoja wenu akiitaka pointi ile.

Kuingia

Mashindano ya dunia ya wakongwe yalianza mwaka 1991. Tangu 2014 makundi ni mawili, kwa wanaume na kwa wanawake: miaka 50 na kuendelea, na miaka 65 na kuendelea. Umri huhesabiwa kwa mwaka, kwa hiyo ukiwa utatimiza miaka 50 hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano, unaruhusiwa. Hakuna mchujo wa kufuzu. Unachohitaji ni shirikisho la nchi yako likuandikishe na upate namba ya FIDE, yaani chama cha dunia cha mchezo huu. Nauli na malazi, kwa kawaida, ni juu yako mwenyewe. Hilo ndilo kizuizi kikubwa kwa wengi wetu, kuliko umri.

Usingoje safari ya Ulaya ndipo uanze. Mashindano ya wazi ya wikiendi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yanakutosha kwa mwanzo. Utakutana na watoto wa miaka kumi na miwili watakaokufunga kwa haraka ya mikono. Cheza nao bila kinyongo, maana watakuzoesha saa, karatasi ya hatua na ukimya wa ukumbi. Ila fahamu kuwa mchezo wa wakongwe una sura nyingine kabisa, na ukijiandaa kwa mazoezi ya watoto peke yake utafika ukiwa umejiandaa nusu.

Nani anakaa mbele yako

Mama wa miaka 68 kutoka Georgia, Urusi au Ujerumani huenda anacheza ufunguzi uleule tangu ujana wake. Hatakupa kete ya bure katika hatua kumi za mwanzo kama mtoto anavyofanya. Atabadilishana malkia mapema, atakuondolea vurugu ubaoni, kisha atakupeleka taratibu kwenye mwisho wa mchezo, mahali anapopafahamu kuliko jikoni kwake. Udhaifu wake, ukiwepo, utajitokeza baada ya saa ya tatu, mwili unapoanza kudai haki yake. Na wewe vilevile. Kwa hiyo michezo mingi ya rika hili huamuliwa na saa ya nne ya mchezo: nani bado anaona vizuri, nani amebakiza dakika, nani anajua cha kufanya kete zikiwa chache. Maandalizi yako yote yaelekee huko.

Wala asikudanganye mtu kwamba umri peke yake unatosha kumshusha mchezaji. Katika Olimpiadi ya Chennai mwaka 2022, Pia Cramling wa Sweden, akiwa na miaka 59, alikaa meza ya kwanza ya timu ya taifa, pale wanapopelekwa wakali wa kila nchi, na wengi wao walikuwa na umri wa kuwa wanawe. Alipata pointi 9.5 katika michezo 11 na kuondoka na dhahabu ya meza hiyo.

Ufunguzi: machache, yaleyale

Hapa sitakaa sana, kwa sababu watu hupoteza miezi mingi wakikariri ufunguzi na faida yake ni ndogo. Chagua njia moja ya nyeupe na njia mbili za nyeusi, basi. Ukiwa na nyeupe, mfumo wa London unafaa: kitunda d4, askofu f4, kisha e3 na c3, karibu bila kujali mwenzako anafanya nini. Ukiwa na nyeusi, jibu e4 kwa c6, ikifuatiwa na d5. Hiyo ni kinga ya Caro-Kann. Akianza na d4, jibu d5 kisha c6. Hiyo ni kinga ya Kislavu. Vitunda vyako vinasimama karibu sehemu zilezile katika njia zote mbili, kwa hiyo unajifunza umbo moja la mchezo mara mbili. Kichwa kinapumzika.

Jifunze mpango, usikariri hatua. Jiulize: farasi wangu anatakiwa akae wapi? Kitunda kipi nitakisukuma kete zikishatoka zote? Ukiweza kujibu hayo mawili bila kutazama kitabu, ufunguzi wako umetosha.

Mwisho wa mchezo ndio shamba lako

Muda uliouokoa kwenye ufunguzi uwekeze hapa. Ukiwa na nusu saa kwa siku, dakika ishirini zote ziwe za mwisho wa mchezo. Mambo haya hayabadiliki na mitindo: ukiyajua leo, yatakufaa mpaka uzeeni kabisa, na yatakuwa kichwani hata ukiwa umechoka kiasi cha kutoweza kupiga hesabu ndefu.

Anza na mfalme na kitunda kimoja dhidi ya mfalme peke yake. Weka mfalme mweupe e6, kitunda chake e5, mfalme mweusi e8. Mweupe anashinda, iwe zamu yake au ya mwenzake, kwa sababu mfalme yuko mbele ya kitunda na amefika mstari wa sita. Kitunda kikitangulia, mfalme akafuata nyuma, mara nyingi ni sare. Kanuni yenyewe ni ndogo, lakini imebadilisha matokeo ya michezo isiyohesabika: mfalme atangulie, kitunda kifuate.

Kisha jifunze kujiokoa. Michezo mingi hufikia ngome kwa ngome, upande mmoja ukiwa na kitunda cha ziada, na hapo ndipo mama aliyechoka hujikatia tamaa bure. Chukua ubao sasa hivi uweke hivi: mweupe ana mfalme d5, kitunda e5 na ngome h7. Wewe ni mweusi; mfalme wako yuko e8, ngome yako a6. Umepungukiwa kitunda, na mfalme wako amebanwa kwenye mstari wa mwisho. Kishawishi ni kuanza kutoa shaha ovyo. Usifanye hivyo. Iache ngome yako kwenye mstari wa sita, uitembeze a6, b6, a6, huku na huku. Maadamu ipo pale, mfalme wake hawezi kuukanyaga mstari huo. Atajaribu hili na lile, mwisho ataona hana njia ila kusukuma kitunda hadi e6. Hapo hapo, bila kupoteza hatua, shusha ngome mpaka a1. Kitunda kikishafika e6, mfalme wake amepoteza mahali pa kujificha. Akienda d6, mpe shaha kutoka d1. Akirudi e5, mpe kutoka e1. Akienda f6, mpe kutoka f1. Hakuna mwisho wake, ni sare. Mbinu hii ina jina la Philidor, mchezaji na mtunzi wa muziki wa Ufaransa wa karne ya 18, na bado inawaokoa watu kila wiki duniani. Irudie na mjukuu wako mpaka mikono yako iifanye yenyewe. Halafu badilishaneni upande, ili uone jinsi anayeshambulia anavyosumbuka.

La tatu linahusu askofu. Ukibakiwa na askofu na kitunda cha pembeni kabisa, safu ya a au ya h, tazama rangi ya mraba ambamo kitunda kitageuka malkia. Askofu wako akiwa hatembei kwenye rangi hiyo, na mfalme wa mwenzako akawahi kuingia kona ile, huwezi kushinda. Mchezaji anayejua hili huanza kulipanga mapema, tangu zikiwa zimebaki kete nyingi: huchagua askofu yupi amwache na yupi ambadilishe.

Saa

Muda unaotumika sana katika michezo hii mirefu ni dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo, kisha dakika 30 za kumalizia, na sekunde 30 zinazoongezwa kwa kila hatua tangu ya kwanza. Piga hesabu. Mchezo wa hatua 60 unampa kila mmoja dakika 90, na 30, na nyingine 30 za nyongeza. Hiyo ni saa mbili na nusu kwa kila mmoja, saa tano kwa wawili. Mkianza saa tisa alasiri, mnaweza kunyanyuka saa mbili usiku.

Kwa hiyo saa isimamie kwa kalamu. Sheria inakuruhusu kuandika muda uliobaki kwenye karatasi yako ya hatua. Fanya hivyo kila baada ya hatua tano. Kipimo ninachokipendekeza: ukifika hatua ya 15 uwe na dakika zisizopungua 75, hatua ya 25 zisipungue 45, hatua ya 35 zisipungue 15. Ukijikuta umebaki nyuma ya hapo, usijilaumu, ila punguza kuhakikisha mara tatu hatua ambazo ni wazi. Wanawake waangalifu ndio wanaoteketea kwa saa, na uangalifu huohuo ndio uliowafanya wawe wazuri. Panapostahili kufikiri dakika kumi ni mahali pawili au patatu tu katika mchezo mzima: pale vitunda vinapokaribia kubadilisha umbo, pale malkia wanapotaka kutoka, na pale unapoona nafasi ya kushambulia usiyoweza kuirudia.

Ukivuka hatua ya 40, dakika 30 zikaingia, usiharakishe hatua ya 41. Watu hulegea hapo kwa kufurahi kwamba wamepona. Mwenzako akiwa anafikiri, simama, nyoosha mgongo, kunywa maji, urudi uutazame ubao kana kwamba ndiyo kwanza umeufikia.

Mkono, simu na karatasi

Nyumbani tuna mazoea ambayo ukumbini yatakugharimu. Ukigusa kete yako kwa makusudi, ni lazima uicheze. Ukigusa ya mwenzako, ni lazima uile ikiwezekana. Ukitaka kuiweka sawa tu, sema kwanza kwamba unarekebisha, na iwe zamu yako. Mkono ukitetemeka ukaiangusha kete, hiyo si kugusa kwa makusudi. Iweke mahali pake, uendelee. Unapomweka mfalme ndani pamoja na ngome, mguse mfalme kwanza na utumie mkono mmoja. Kitunda kikifika mwisho na malkia hayupo mezani, usiigeuze ngome juu chini ukaiita malkia: mbele ya mwamuzi hiyo ni ngome. Simamisha saa, mwite, uombe malkia. Hatua isiyo halali humpa mwenzako dakika mbili za ziada, na ya pili inakupoteza mchezo.

Simu usiingie nayo. Waulize waandaaji utaratibu wao wa kuhifadhi, kwa kuwa mchezaji anayekutwa na simu mwilini wakati wa mchezo hupoteza pointi. Kama unavaa kifaa cha kukusaidia kusikia, mwoneshe mwamuzi kabla ya raundi ya kwanza ili pasiwe na maswali baadaye. Miwani chukua jozi mbili: mwanga wa kumbi nyingi ni mbaya, na jozi moja ikivunjika katika raundi ya pili, raundi zote zilizobaki zimekwisha.

Na kama wewe ni mtu wa sala, alasiri na magharibi huenda zikakukuta mezani. Zungumza na mwamuzi siku ya kwanza. Huruhusiwi kutoka eneo la mchezo wakati zamu ni yako bila ruhusa yake, na muda wako utaendelea kukimbia. Wengi hucheza hatua yao, wanabonyeza saa, kisha wanaomba ruhusa. Dakika unazotumia zihesabu tangu asubuhi kwenye mpango wako wa muda. Chakula kiwe cha wastani saa mbili kabla ya mchezo. Ndizi, korosho na maji vinakufikisha mwisho. Chai ya tangawizi ni nzuri, ila ukizidisha utakuwa unakimbilia msalani katika hatua ya 38.

Sare ya adabu

Hili nalisema kwa uzito, kwa kuwa nadhani ndilo linalowaumiza zaidi wanawake wetu. Wewe una miaka 52, mwenzako ana miaka 74. Umemwamkia vizuri, ameitikia marahaba, amekuuliza watoto. Mnacheza. Hatua ya 31 umemzidi kitunda na mfalme wake yuko wazi. Anakuinulia macho, anatabasamu, anasema kwa upole, "Mwanangu, tugawane?" Umelelewa kutomkatalia mtu mzima kitu anachokuomba kwa mkono wake. Unakubali. Usiku hulali.

Shikamoo mpe kabla ya saa kubonyezwa, kwa moyo wote. Saa ikishabonyezwa, heshima unayomdai na anayokudai ni moja: hatua bora kabisa unayoweza kuiona. Mama huyo hakuja kwa ndege mbili ili ahurumiwe. Ukimwachia kwa ajili ya mvi zake, umemhesabu kuwa si mchezaji tena, na hilo ni tusi hata likivikwa adabu. Kukataa wala hakuhitaji maneno. Ukicheza hatua yako, umekataa, na hakuna atakayekuona huna adabu. Ukipenda, sema taratibu, "Ngoja tuendelee kidogo, mama."

Ukitaka kuomba sare wewe mwenyewe, utaratibu ni huu: cheza hatua yako ubaoni, tamka ombi, kisha ubonyeze saa, na uandike alama ya usawa kwenye karatasi. Usiombe wakati yeye anafikiri. Usiombe mara mbili mfululizo bila hali kubadilika. Hiyo ni kumsumbua, na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Hali ileile ya ubao ikijirudia mara ya tatu, unaweza kudai sare, lakini kwa mpangilio wake: hatua itakayoleta marudio usiicheze, iandike tu kwenye karatasi, simamisha saa, mwite mwamuzi. Wengi huicheza kwanza kisha wakadai, na haki yao inapotea hapo hapo.

Mkishamaliza

Peaneni mikono. Andikeni matokeo, saini karatasi zote mbili, na uhakikishe aliyeandika jina la mshindi hajakosea. Kisha mwombe mwenzako mkaupitie mchezo katika chumba cha uchambuzi. Karibu wote hukubali, na hapo shikamoo na marahaba zinarudi na mazungumzo yote. Muulize swali moja la kweli: "Ulianza kuogopa wapi?" Jibu lake mara nyingi haliko pale ulipodhani umemshika, na linakuonesha ni nini hasa katika mchezo wako kinawatia watu hofu. Liandike pembeni ya hatua ile usiku huohuo, kabla raundi ya kesho haijalifuta, pamoja na hatua ambayo dakika zako zilianza kupungua kupita kipimo. Ukishakuwa na karatasi kumi za namna hiyo, utajua cha kufanyia mazoezi bila kumlipa kocha, na utaweza kumwandikia katibu wa shirikisho lako barua ya kuomba nafasi katika mashindano ya dunia ukiwa na kitu cha kumwonesha.